Kolestro ya kurithi: jinsi ya kupima ukoo wenu

Ami yangu alikua mvuvi hapa Lamu, mwembamba kama mti wa tanga, hana sukari hana presha, kafa ghafla na miaka 46. Ndugu yake pia hivohivo. Sisi tukasema kudra tu, na kudra ipo kweli, lakini na kupima kupo jamani, maana kolestro ya kurithi, yaani mafuta kuzidi kwenye damu tangu kuzaliwa, huziba mishipa ya moyo.

Anza na karatasi. Andika babu, bibi, maami, mashangazi, wajomba, nani alishikwa na moyo na umri gani, mwanamume kabla ya 55 au mwanamke kabla ya 60 mtie alama. Wazee hawakumbuki mwaka, kwa hivo uliza alipokufa kitinda mimba wake alikua mkubwa kiasi gani, utapata hesabu. Alafu tazama vinundu vigumu nyuma ya kisigino ama kwenye vifundo vya vidole, na duara jeupe machoni kwa mtu hajafika 45, ila wengi hawana dalili yoyote, usitulie kwa hilo.

Hospitalini sema unataka kipimo cha mafuta ya damu na uangalie LDL, ile kolestro mbaya. Mtu mzima akifika 4.9 mmol/L (wengine huandika 190 mg/dL), mtoto 4.1 (au 160), muulize daktari kama ni ya kurithi, ataangalia kwanza na tezi ya shingo na figo. Ini lina vipokezi vya kuokota LDL kwenye damu, mwenye ugonjwa huu nusu yake haifanyi kazi tangu azaliwe, ndo maana hata mwembamba anapata. Punguza samli, tui zito na viazi karai, sawa, lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, ni dawa za statini, za kushusha kolestro, kila siku na usiache eti namba imeshuka. Mtoto huweza kuanza miaka 8 hadi 10. Mwanamke anayetaka mimba amwambie daktari mapema.

Akipatikana mmoja pimeni wote, ndugu na watoto, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Na hapa kwetu tunaoana mabinamu, wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya mtoto kurithi pande zote mbili, na huyo moyo humshika angali mdogo. Sikatazi, wazazi wangu wenyewe ni watoto wa ndugu, nawaomba tu mpime kabla ya posa.