Namna ya kuanzisha maktaba isiyohitaji intaneti kwa kompyuta ndogo ya Waingereza

Mwalimu au mzazi wa Kigoma anayetaka watoto wajisomee kwa kompyuta huanza kwa kuulizia bei ya kompyuta mpakato, na mara nyingi bei hiyo ndiyo inayomkatisha tamaa. Waingereza walikutana na tatizo kama hili zaidi ya miaka 40 iliyopita, wakaanza na swali jingine: nyumba ya kawaida tayari ina nini? Kompyuta ya Sinclair ZX81, iliyotoka mwaka 1981 kwa pauni 69.95, au pauni 49.95 kwa mnunuzi aliyekuwa radhi kuiunga mwenyewe, haikuja na skrini. Ilichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na programu zake zikahifadhiwa katika kanda za kaseti zilezile za muziki. Mwaka huohuo kampuni ya Acorn ya Cambridge ilitengeneza BBC Micro kwa ajili ya mradi wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha wananchi kompyuta, na ndani ya Acorn hiyo Sophie Wilson na Steve Furber wakasanifu prosesa ya ARM, yaani chipu iliyo ubongo wa kompyuta, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Vizazi vya prosesa hiyo vimo katika karibu kila simu inayouzwa leo pale Mwanga hapa Kigoma.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, ni mtoto wa mambo hayo mawili: ina prosesa ya ARM, na inaazima skrini ya mwenye nyumba. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliianzisha kwa sababu vijana walioomba kusomea kompyuta chuoni kwao walikuwa wanapungua. Ninachoeleza hapa ni jinsi ya kuitumia kwa kufuata desturi hiyohiyo ya kutumia kilichopo. Kwetu kilichopo ni simu: ubao mmoja usio na skrini utabeba vitabu na kuvirusha kwa mawimbi ya Wi-Fi, na wasomaji watavifungua kwenye simu zao bila kutumia hata shilingi moja ya bando.

Tafuta Raspberry Pi 3 au 4. Pi 3, ya mwaka 2016, ndiyo ya kwanza kuwa na Wi-Fi ndani yake, na kwa kazi hii inatosha kabisa, kwa hiyo ukiipata iliyotumika usione haya kuichukua. Bei inayotangazwa Uingereza haijumuishi usafiri wala ushuru, na inafaa kulijua hilo kabla ya kuchangisha fedha. Utahitaji pia memori kadi ya gigabaiti 32 au 64, chaja, na kwa siku ya kwanza tu kibodi, waya wa HDMI na televisheni ya kuazima. Pi 4 hutumia tundu dogo la HDMI, hivyo waya wa kawaida hauingii bila kiunganishi.

Kadi ndiyo iliyonitesa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nilinunua kadi iliyoandikwa gigabaiti 64, nikaijaza, na kila kitu kikaonekana kimeingia salama. Siku ya kwanza ya kusoma, makala zilizoanza kwa herufi za mwanzo zilifunguka na nyingine zikaleta ukurasa mtupu. Kadi ilikuwa ya bandia, yenye nafasi ndogo kuliko ilivyojitangaza, na chochote kilichozidi nafasi hiyo kilipotea kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya yote, ichomeke kadi kwenye kompyuta ya Windows uliyoazima na uipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza yote kisha huisoma upya. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, iache ifanyike. Usitegemee uthibitisho wa programu ya kuandikia mfumo, kwani yenyewe hukagua ilichokiandika tu, na mfumo ni mdogo kiasi cha kuenea hata kwenye kadi ya bandia.

Kadi ikifaulu, pakua Raspberry Pi Imager, ndiyo programu ya kuandikia mfumo kwenye kadi, kwenye kompyuta hiyohiyo, chagua aina ya ubao wako, chagua mfumo wa Raspberry Pi OS Lite, kisha uingie kwenye mipangilio. Weka jina la mtumiaji, kwa mfano mwalimu, na nywila yako mwenyewe. Weka jina na nywila ya mtandao wa simu utakayoitumia kugawa intaneti siku hiyo. Weka nchi kuwa TZ. Wengi huliruka hilo la nchi, kisha wakahangaika, kwa sababu Wi-Fi ya ubao hubaki imefungwa hadi nchi itajwe.

Wakati mfumo unaandikwa, tafuta maandiko. Mradi wa Kiwix hutoa bure Wikipedia nzima ikiwa faili moja lenye mwisho wa .zim, na lile la Kiswahili jina lake huanza na wikipedia_sw. Lile la Kiingereza lenye picha zote hupita gigabaiti 90, lakini la Kiswahili ni dogo mno mbele yake na linaweza kupakuliwa kwa bando la usiku. Linakiliwe kwenye flashi, na kutoka hapo liingizwe kwenye folda ya mtumiaji wako ndani ya Pi.

Washa Pi ikiwa imeunganishwa na televisheni, ingia kwa jina lako, na uandike amri hizi za kusakinisha Kiwix, pamoja na overlayroot itakayohitajika mwishoni, wakati intaneti ya simu bado ipo:

sudo apt update
sudo apt install kiwix-tools overlayroot

Kisha andika crontab -e na uongeze mstari mmoja mwishoni, ili maktaba ijifungue yenyewe kila umeme unaporudi:

@reboot kiwix-serve --port=8080 /home/mwalimu/*.zim

Sasa geuza ubao uwe kituo cha Wi-Fi. Amri hizi zifuate baada ya yote yanayohitaji intaneti, kwa kuwa ubao una redio moja, na ukianza kurusha mawimbi yake utaachana na intaneti ya simu yako. Weka nywila yenye herufi nane au zaidi mahali pa neno la mfano:

sudo nmcli device wifi hotspot ssid Maktaba password somaKigoma
sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes

Uzime na kuuwasha upya. Msomaji ataunganisha simu yake na mtandao wa Maktaba, kisha ataandika kwenye kivinjari http://10.42.0.1:8080, na aiandike http yenyewe kwa ukamilifu, maana vivinjari vya sasa hupenda kujaribu https na kukwama. Simu itatoa onyo kwamba mtandao huu hauna intaneti, na nyingine huuacha na kurudi kwenye data bila kumwambia mwenyewe. Mwambie azime data kwanza. Siku ya kwanza nilipokuwa na vijana barazani, nusu yao walilalamika kuwa maktaba haipo, na tatizo lilikuwa hilo tu. Simu kumi hivi kwa wakati mmoja husoma bila kusubiriana.

Umeme ndio jambo la pili la kuliangalia kwa makini. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifikishi kiasi hicho hata kama maandishi yake yanadai hivyo. Kwenye televisheni utaona alama ndogo ya radi ikijitokeza kwenye kona ya juu kulia. Hiyo ni ishara ya umeme pungufu. Ili kuhakikisha, andika vcgencmd get_throttled, na jibu likiwa 0x0 umeme unatosha. Jibu tofauti ni sababu ya kubadilisha chaja au waya, na waya mrefu mwembamba ndio mara nyingi wenye kosa. Penye sola, chaja nzuri ya gari iliyochomekwa kwenye betri ya volti 12 inafanya kazi vizuri. Ubao bila skrini hula wati 5 hivi, maana yake saa kumi za kusoma ni wati-saa 50, ilhali betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Televisheni peke yake ingekula mara kadhaa ya hapo, na ndiyo maana nashauri irudishwe kwa mwenyewe baada ya siku ya kwanza.

Usiuweke ubao juu ya kabati chini ya bati. Ukifika nyuzi joto 80 hujipunguzia kasi wenyewe, na mchana wa Septemba huku kwetu unausaidia kufika huko upesi.

Kukatika kwa umeme ghafla huharibu kadi ikiwa mfumo ulikuwa unaiandika wakati huo. Kwa kuzima kwa kawaida, kibodi na televisheni zikiwa bado zipo, andika sudo poweroff na usubiri taa ya kijani iache kumetameta ndipo uchomoe. Kwa kukatika kusiko na taarifa, fungua sudo raspi-config, ingia Performance Options, na uwashe Overlay File System, ambayo huifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Fanya hivyo baada ya kuhakikisha kila kitu kinakwenda sawa, kwani tangu hapo badiliko lolote hupotea ukizima. Unapotaka kuweka faili jipya, kwa mfano mwisho wa muhula, azima tena kibodi na televisheni, izime kwanza Overlay, washa upya, nakili faili, futa la zamani, kisha uirudishe.