Itereta Ikiwa Tupu: Kuandika Python Isiyoanguka Data Isipokuja

Programu nyingi hujaribiwa kwa faili lililojaa data. Halafu siku moja faili linakuja na mstari wa vichwa tu, bila muamala hata mmoja, na ripoti inaanguka. Mbaya zaidi ni pale isipoanguka, bali inatoa namba ya uongo ambayo hakuna anayeitilia shaka. Tuchukue jenereta hii inayosoma mauzo ya siku. Jenereta ni fanksheni inayotoa data kitu kimoja kimoja kwa `yield`, nayo ni aina ya itereta, yaani chochote kinachotoa vitu kimoja baada ya kingine:

```python
import csv

def mauzo(njia):
    with open(njia, newline="", encoding="utf-8") as f:
        for mstari in csv.DictReader(f):
            yield int(mstari["kiasi"])
```

Kabla ya kuandika kinga yoyote, jiulize: hapa, kukosa data ni jibu halali au ni hitilafu? Siku isiyo na mauzo ina jumla ya 0, na hilo ni jibu sahihi kabisa. Lakini haina wastani, wala haina muamala mkubwa kuliko yote. Usipoamua wewe, Python itakuamulia, na kila fanksheni huamua kivyake.

`sum` hurudisha 0, na `any` hurudisha `False`. Ya kuogopwa ni `all`, kwa sababu ikipewa itereta tupu hurudisha `True`. Ukiandika `if all(d.imelipwa for d in madeni): funga_akaunti()`, na madeni hayakupakiwa kwa sababu ya hitilafu ya mtandao, akaunti itafungwa. Penye uamuzi mzito, hakikisha kwanza kwamba kuna angalau kitu kimoja kilichokaguliwa.

`max` na `min` hutoa kosa la `ValueError`. Tangu Python 3.4 unaweza kuzipa thamani ya akiba:

```python
kubwa = max(mauzo(njia), default=None)
if kubwa is None:
    print("Hakuna mauzo")
```

Usiweke `default=0` ili tu kosa liondoke. Kama data ina namba hasi, mfano faida na hasara, 0 hiyo itaonekana ni rekodi ya kweli. Tena kagua kwa `is None`, si kwa `if not kubwa`, maana muamala halisi wa 0 nao utahesabiwa kama haupo. `functools.reduce`, inayokunja vitu vyote kuwa thamani moja, nayo hutoa `TypeError` usipoipa thamani ya kuanzia, kwa hiyo ipe kila mara.

Sasa `next`, ambako ndiko kwenye hatari iliyojificha. Itereta ikiisha, `next(it)` hutoa `StopIteration`, na hiyo ndiyo ishara ileile ambayo vitanzi hutumia kujua kazi imekwisha. Tazama:

```python
vikundi = [[500], [], [300]]
list(map(lambda k: next(iter(k)), vikundi))   # [500]
```

Ile 300 imepotea bila kosa lolote kuonekana. Kikundi cha pili kilitoa `StopIteration`, `map` ikaipitisha kama ilivyo, na `list` ikadhani data imekwisha. Ndani ya jenereta tatizo hili lilizibwa: tangu Python 3.7, `StopIteration` inayotoroka humo hugeuzwa kuwa `RuntimeError`. Lakini `map`, `filter` na madarasa yenye `__next__` uliyoandika mwenyewe hayana kinga hiyo. Kwa hiyo usiite `next` yenye hoja moja bila kuizungushia `try`. Ipe hoja ya pili, na kama data yenyewe inaweza kuwa na `None`, tengeneza alama yako:

```python
from itertools import chain

HAKUNA = object()

def chungulia(vitu):
    it = iter(vitu)
    cha_kwanza = next(it, HAKUNA)
    if cha_kwanza is HAKUNA:
        return None
    return chain([cha_kwanza], it)
```

Fanksheni hii ndiyo njia ya kujua kama jenereta ina kitu bila kupoteza kitu hicho. `if not jenereta` haisaidii, kwa kuwa jenereta huhesabiwa kuwa kweli hata ikiwa tupu, na `len` haifanyi kazi juu yake. Baada ya kuchungulia, endelea na itereta iliyorudishwa. Ile ya awali imeshapungukiwa kitu cha kwanza.

Kuna pia utupu wa bandia: data ilikuwepo, ila umeshaitumia. Ukifanya `g = mauzo(njia)`, kisha `sum(g)`, kisha `max(g)`, ya pili itatoa `ValueError` ingawa faili limejaa. Kama data inatosha kwenye kumbukumbu, igeuze kuwa `list` mara moja. Kama ni kubwa mno, hesabu kila kitu kwa mpito mmoja:

```python
jumla = idadi = 0
for kiasi in mauzo(njia):
    jumla += kiasi
    idadi += 1
wastani = jumla / idadi if idadi else None
```

Usitegemee jina `kiasi` baada ya kitanzi. Kitanzi kisipozunguka hata mara moja, utapata `NameError`, au jina hilo litakuwa bado limeshika thamani ya kitanzi kilichotangulia, nawe hutajua. Na `else` ya `for` haina maana ya "kama hakuna kitu". Huendeshwa kila mara kitanzi kinapomalizika bila `break`, data iwepo au isiwepo.

Katika majaribio (hapa kwa zana ya `pytest`), `[]` peke yake haitoshi. Orodha tupu huhesabiwa kuwa si kweli, `iter([])` huhesabiwa kuwa kweli, hivyo msimbo unaofaulu kwa moja unaweza kuanguka kwa nyingine. Jaribu zote, pamoja na data ya kitu kimoja:

```python
import pytest

@pytest.mark.parametrize("data", [[], iter([]), (x for x in ())])
def test_tupu(data):
    assert chungulia(data) is None

def test_kimoja():
    assert list(chungulia(iter([0]))) == [0]
```

Ile `0` kwenye jaribio la mwisho imewekwa kwa makusudi: humnasa yeyote atakayebadilisha `is HAKUNA` kuwa `not cha_kwanza`.