Jinsi ya kumaliza Titanfall 2 kwa wikiendi moja kibandani, mwongozo kutoka Mtwara

Vibanda vya gemu hapa Mtwara mjini, kuanzia Chikongola mpaka Magomeni, vinaishi kwa mpira. Ingia saa yoyote utakuta mechi inaendelea na vijana wamepanga foleni wakimsubiri mshindi. Mimi naendesha kibanda cha PS4, na mpira ndio unaonilipia umeme. Ila gemu ninayoipenda kuliko zote haina goli hata moja. Inaitwa Titanfall 2, ilitoka Oktoba 2016, na walioitengeneza ni Respawn Entertainment wa Marekani. Hadithi yake nzima inachukua saa 6 hivi. Kwa mtu anayelipia kwa saa, hapo ndipo uzuri wake: unaanza Ijumaa jioni, Jumapili umemaliza, na hukuchoka hata mara moja njiani.

Kisa chenyewe ni chepesi kufuata. Wewe ni Jack Cooper, askari wa kawaida wa jeshi la Militia, umeshushwa kwenye sayari ya Typhon kupigana na IMC, kampuni kubwa yenye jeshi lake. Rubani (humu ni askari anayeendesha roboti) aliyekuwa anakufundisha anauawa mapema, na kabla hajakata roho anakukabidhi roboti lake kubwa, BT-7274. Kuanzia hapo ni wewe na BT.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi wanaotoka kwenye gemu nyingine za bunduki: usisimame. Hii si gemu ya kujibanza nyuma ya ukuta ukichungulia. Mwendo wake una mdundo kama ngoma ya sindimba, na ukisimama katikati unaukata.

Hatua ya 1: Andaa mashine

Mwombe mwenye kibanda akufungulie akaunti yako mwenyewe ndani ya PS4. Kumbukumbu ya ulipofikia kwenye gemu hukaa chini ya akaunti, kwa hiyo ukicheza kwenye akaunti ya watu wote, kesho dogo mmoja anaanza upya na wewe hujui uko wapi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga, uweke ile ya gemu kama ipo. Runinga nyingi za bapa huchelewesha picha kidogo, na hapa kuchelewa kidogo tu kunakuangusha shimoni.

Ukiwa na diski, hadithi unaicheza bila intaneti. Washa pia maandishi ya mazungumzo. Ni ya Kiingereza, lakini kuyasoma ni rahisi kuliko kuyasikia wakati feni inavuma na jirani anashangilia goli.

Kuhusu umeme: gemu inajihifadhi yenyewe kila ukivuka sehemu fulani, na alama ndogo hutokea kwenye skrini. Ukijua unit zimebaki chache, subiri alama hiyo ipite, ndipo uzime mashine kwa utaratibu. Kuzimika ghafla wakati inahifadhi ndiko kunakoharibu kumbukumbu hiyo.

Hatua ya 2: Usiruke mazoezi

Sura ya kwanza, The Pilot's Gauntlet, ni uwanja wa mazoezi. Wengi wanaipita haraka wakitamani roboti. Kaa hapo. Hapo ndipo vidole vinapojifunza.

L3, yaani kubonyeza kijiti cha kushoto, ni kukimbia. X ni kuruka, na ukiibonyeza tena ukiwa hewani unaruka mara ya pili. Duara ukiwa unakimbia inakutelezesha chini. L1 inakuficha kwa sekunde chache. R1 ni kurusha bomu.

Sasa jaribu hivi. Kimbia kuelekea ukuta kwa mshazari, si kwa kuukabili uso kwa uso. Ruka. Mguu ukigusa ukuta, Cooper ataanza kuukimbilia mwenyewe. Wewe shikilia kijiti cha kushoto mbele tu. Kabla hajaanza kuporomoka, bonyeza X umrushe kwenye ukuta wa pili, na kamera uwe umeshaigeuza huko. Ukitua chini, duara papo hapo, teleza, halafu X tena. Utaona mwendo unaongezeka badala ya kupungua. Kukimbia ukutani ni haraka kuliko kukimbia chini, na gemu nzima imejengwa juu ya jambo hilo.

Mwishoni gemu inapima muda wako na kukupendekezea kiwango cha ugumu. Viko vinne. Kama hujazoea, chagua Regular. Kiwango cha Easy kinakunyima ladha, maana adui wanakufa kabla hujalazimika kukimbia.

Hatua ya 3: Jizoeze kuliendesha BT

Ukiwa karibu naye shikilia mraba, atakuinua na kukuweka kifuani. Ndani ya roboti, X haikurushi tena. Inakusukuma pembeni kwa kasi. Huo msukumo ndio uhai wako. Unao kwa idadi, unajijaza taratibu, kwa hiyo usiuchezee wakati hakuna kombora linalokuja.

Seti ya silaha unayoanza nayo inaitwa Expedition, na ina ngao iitwayo Vortex Shield kwenye L1. Hii ngao naipenda mno. Adui akianza kukumiminia risasi, shikilia L1: risasi zinagandishwa hewani mbele yako, unaziona zimening'inia. Achia, zote zinamrudia mwenyewe. Usishikilie mpaka iishe nguvu. Ikaribie robo ya mwisho, achia, sukuma pembeni, ndipo upige bunduki.

Njiani utaokota seti nyingine mpaka zifike 8. Kila unayoikuta ijaribu angalau pambano moja. Mimi nafsi yangu inamtaka Ronin mwenye upanga, lakini anayeanza atafaidi zaidi kwa Tone: risasi zako zikimgusa adui mara tatu, roketi zinamfuata zenyewe.

BT akipata majeraha, tafuta betri. Na kila akikuuliza swali, gemu inakupa majibu mawili. Hakuna jibu linalobadili mwisho, kwa hiyo jibu unavyojisikia. Usikae kimya tu. Maongezi yao ni nusu ya utamu.

Hatua ya 4: Mabosi, yaani adui wakubwa

Kane anatumia Scorch, roboti la moto. Usipigane naye kwa karibu wala kusimama kwenye gesi anayorusha chini. Ash ana Ronin: anapotea na kutokea karibu yako, basi akipotea tu, sukuma nyuma. Richter ana Tone, na Vortex Shield inafanya kazi vizuri dhidi yake. Viper anaruka angani na mnapambana juu ya meli zinazokwenda. Mpige pale anapotulia kulenga. Slone, wa mwisho, ana roboti la aina ya Ion. Kwa wote, tafuta sehemu zinazong'aa nyekundu kwenye mwili wa roboti. Hapo ndipo panapouma.

Hatua ya 5: Sura ambayo hutakiwi kuikatisha

Gawa hivi: Ijumaa cheza mpaka Into the Abyss, ile ya kiwanda kinachounda nyumba, ambapo sakafu unayokanyaga inageuzwa kuwa ukuta mbele ya macho yako. Jumamosi ianze na Effect and Cause, tena lipia saa mbili kwa mpigo.

Humo unapewa kifaa mkononi. L1 inakuhamisha kati ya nyakati mbili za jengo lile lile: wakati mmoja jengo ni zima na limejaa walinzi, wakati mwingine limeungua, na wanyama wakali wanazurura ndani. Siri ni kubonyeza L1 ukiwa hewani. Unaruka kuelekea shimo lisilo na ukuta, unabonyeza, ukuta unakuwepo, unaukimbilia, unabonyeza tena, wa pili unatokea. Mara ya kwanza utaanguka, rudia kwa utulivu. Kwenye vita ni hivyo hivyo: walinzi wakikuzingira, hama wakati, tembea hatua kadhaa ukiwa huko, rudi ukiwa nyuma ya migongo yao.

Baadaye inakuja The Beacon. Kifaa cha umeme unachopewa humo unakielekeza kwenye swichi na mashine zilizokufa, zinaamka. Ukikwama, tazama juu. Njia karibu kila mara iko juu.

Jumapili ni Trial by Fire, The Ark na The Fold Weapon. Hizi sitazisimulia. Zicheze asubuhi, hasa msimu wa korosho, Oktoba kwenda Desemba, maana mchana vijana wana hela na kiti hukipati.

Hatua ya 6: Ukishamaliza

Kwenye menyu unaweza kurudia sura yoyote peke yake. Kuna helmeti 46 za marubani zimefichwa njiani, na menyu inakuonyesha kila sura umebakiza ngapi. Wenye haraka wachukue Effect and Cause kwenye kiwango cha Hard, inatosha kwa jioni moja. Pedi kwangu zipo mbili, ila hadithi ni ya mtu mmoja, kwa hiyo mnaokuja wawili mpokezane kila sura.