Umeumia kazini? Namna ya kudai fidia ya WIBA Nakuru na Kisumu

Mkono ukinaswa na mashine kiwandani, au kifua kikianza kubana baada ya misimu ya kupuliza dawa kwenye maua kule Naivasha, sheria ya kukushikilia ni WIBA ya mwaka 2007, sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kazini. Kibarua pia yumo. Wanajeshi wa KDF ndio hawamo. Wao wana utaratibu wao.

Kwanza mwarifu mwajiri. Kisheria hata kwa mdomo inatosha, ila maneno hukanwa: mtumie msimamizi ujumbe wa simu wenye tarehe, saa na mahali, na usiufute. Ukikaa zaidi ya miezi 12 bila kuripoti, haki yako imekwenda. Mwajiri naye ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akizubaa, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya idara hiyo Nakuru au Kisumu.

Kisha fomu ya DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari, na hapo kwa daktari ndipo penye pesa. Asilimia ya ulemavu wa kudumu atakayoandika hupigiwa hesabu kwa mshahara wa miezi 96. Anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi akiandikiwa asilimia 20, anapata 288,000. Akiandikiwa 10, ni 144,000. Kwa hivyo usikimbilie kujaziwa fomu, tuseme kidole kikiwa bado kwenye bandeji. Kipone kwanza, halafu mwonyeshe daktari kwamba hakikunjiki na huwezi kushika makasi. Mwenye ugonjwa apige picha lebo za dawa alizokuwa akipuliza, azipeleke.

Ambatanisha nakala ya kitambulisho, karatasi za hospitali na ushahidi wa mshahara. Huna barua ya ajira? Chapisha taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yako.

Matibabu ni juu ya mwajiri, usikubali kusukumiwa SHA, bima ya afya ya serikali. Ukishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili malipo ya muda, hadi miezi 12.

Mkurugenzi akishawasilisha dai, mwajiri au bima yake ana siku 90 kulipa. Usiporidhika na uamuzi, andika pingamizi ndani ya siku 60. Wakili akikuambia mwende kortini moja kwa moja, mkumbushe uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019: dai huanzia kwa Mkurugenzi. Kortini mtaenda kwa rufaa, ndani ya siku 30 baada ya pingamizi kujibiwa.