Birayi vikinyauka, kata shina kabla ya kujaza pompi

Mama mmoja mlimaji wa Kibumba alifika kwangu Goma na mche wa birayi (viazi mviringo) ameufunga ndani ya kitenge. Mche ulikuwa umelegea, lakini majani yangali kijani. Alikuwa ameshapiga dawa ya mildiu, ule ugonjwa unaounguza majani ya birayi, mara tatu mwezi ule, na swali lake lilikuwa moja: "Agronomu, waliniuzia dawa ya uongo?"

Dawa haikuwa na kosa. Shida ni kwamba shambani magonjwa ya birayi yanafanana kama mapacha, ila ukishuka mpaka kwenye seli, vile vijumba vidogo vinavyojenga mwili wa kila kiumbe, kila moja lina sura yake. Jioni ile nilimpeleka mama kwa rafiki yangu, fundi wa maabara, ambaye mikroskopi yake (vitabu vinaiita hadubini) kutwa haioni kitu ila damu ya wagonjwa wa homa. Yeye amezoea seli nyekundu za damu: duara, zimebonyea katikati kama andazi lililobonyezwa kwa kidole, hazina kiini. Malaria ikiwemo, anaiona kama pete ndogo ndani ya andazi hilo.

Tulianza na kiazi kizima. Kipande chembamba kama ganda la kitunguu, tone la maji, kioo juu. Zikatokea seli kubwa zenye kuta, kama vyumba vilivyobanana, na kila chumba kimejaa punje za wanga zenye umbo la yai. Tulipodondosha iyodi kidogo, punje zote ziligeuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Mama akacheka: "Kumbe chakula chetu kinakaa humu!"

Kisha tukaweka kipande cha lile shina lililonyauka. Mishipa ya maji ya mmea ni mirija ya seli zilizokufa, na kuta zake zina mizunguko kama resori (springi). Kutoka kwenye ncha ya mirija ile lilikuwa linatoka wingu zito, taratibu, kama moshi wa makala mabichi. Ni bakteria, jina lake Ralstonia solanacearum. Mmoja ni kijiti kisicho na kiini, na ukiwapanga kichwa kwa mkia, kama mia tano hivi ndio watimize milimita moja. Wakijaa kwenye mirija wanatoa ute, ute unaziba, na mche unakufa kiu hata kama udongo umelowa. Mankozebu, ile dawa ya mildiu unayoipiga, inabaki juu ya jani. Kazi yake ni kuzuia mbegu za ugonjwa zisiote pale juu, kwa hiyo bakteria walio ndani ya shina haiwafikii kabisa.

Kama ingekuwa mildiu, tungeona nyuzi zenye matawi, na kwenye ncha zake vifuko vyenye umbo la limau. Maji yakiwa baridi, kila kifuko kinapasuka na kutoa mbegu zinazoogelea, kila moja na mikia miwili. Ndiyo maana baada ya siku za mvua na baridi shamba linaweza kuonekana kama limepitiwa na moto. Mildiu utaijua hata kwa macho: madoa meusi kwenye majani, na alfajiri unga mweupe chini ya jani, pembeni mwa doa. Mnyauko wa fuzari, ugonjwa mwingine unaolegeza mche, wenyewe ni kuvu, na spora zake kubwa (mbegu zake) zimepinda kama mundu.

Wengi wetu hatuna mikroskopi, basi tumia glasi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa vidole viwili au vitatu, ukining'inize ncha yake iguse maji safi kwenye glasi inayopitisha mwanga. Usitikise. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka. Kuvu haifanyi hivyo. Kata na kiazi pia: pete ya kahawia, na ukiminya ute mweupe unatoka. Mara nyingi udongo unang'ang'ania kwenye macho ya kiazi.

Ukishaona nyuzi zile, pesa ya dawa iweke mfukoni. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi, usiutupe kwenye mfereji wala kwenye mbolea. Jembe na kisu vioshe kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kipande hicho cha shamba kisirudi birayi, nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa, maana wote ni ukoo mmoja na bakteria anawapenda wote. Panda mahindi, maharagwe, kitunguu au kabichi.

Halafu mbegu, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Watu wanaamini mbegu ya mlimani kwenye baridi ni safi kwa sababu shamba lilisimama vizuri. Baridi inamficha bakteria, haimuui. Kiazi kinaonekana kizima, kikishuka kwenye joto ndipo kinanyauka. Uliza shamba lililotoa mbegu lilipandwa nini misimu iliyopita. Na usikate mbegu vipande, kisu kimoja kinaambukiza gunia zima.

Mama wa Kibumba alipanda mahindi na maharagwe. Birayi vinavyojiotea katikati ya mahindi bado anaving'oa, kimoja kimoja.