Kuchagua Presha ya Mafuta Inayofaa Injini ya Lori la Dizeli

Dereva wa lori la chumvi anayetoka Marereni na mzigo kamili, akiona gari limepungua nguvu, huwa na ombi moja kwa fundi wake wa Malindi: aongezewe presha ya mafuta. Kabla ya fundi kushika spana, ni lazima ijulikane ni presha gani inayozungumziwa, kwa kuwa katika injini ya dizeli ziko zaidi ya moja, na kila moja ina kipimo chake na mahali pake pa kupimiwa.

Ya kwanza ni ile ndogo inayosukuma mafuta kutoka tangini, kupitia filta, hadi kwenye injekta pampu, ile inayozipelekea silinda mafuta kwa presha kubwa. Kwa injini za zamani zenye pampu ya mstari, yaani yenye plunja (fimbo ya kusukumia mafuta) moja kwa kila silinda, presha hiyo aghalabu huwa kati ya baa 1 na 2.5, baa moja ikiwa ni sawa na psi 14.5. Kipimo kamili hutoka katika kitabu cha injini hiyo hiyo, wala si cha injini inayofanana nayo. Funga geji baada ya filta na kabla ya pampu, soma sindano injini ikinguruma taratibu, kisha soma tena lori likiwa na mzigo na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, kwa sababu presha inayoridhisha gari likiwa limesimama inaweza kuporomoka njiani.

Ikiporomoka, anza na filta. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na tangi linalolala nusu tupu hufanya matone ya maji ndani yake, nayo maji huleta kutu na utando unaoziba filta. Filta ikiwa safi, kagua mipira na viungo vinavyovuta hewa, kisha vali ya kurudishia mafuta, ambayo springi yake ikilegea huyaachia mapema. Pampu ya kuvuta, ile inayotoa mafuta tangini, iwe ya mwisho kulaumiwa, ingawa ndiyo ambayo wauza vipuri hupenda uinunue kwanza. Pampu ya rotari, yaani injekta pampu yenye kichwa kimoja kinachozunguka na kugawia silinda zote, nayo isifungiwe pampu ya umeme yenye nguvu kupita kiasi, kwa kuwa presha ya ndani yake ndiyo inayosogeza taiming, yaani wakati wa kupuliza mafuta. Ikizidi, injini hugonga, na sili ya mbele ikishindwa, dizeli huweza kuingia kwenye oili.

Presha ya pili ni ya kufungulia nozeli, yaani ncha ya injekta inayopuliza mafuta, na hapa ndipo neno "kuchagua" lina maana kamili, kwa sababu fundi huipanga kwa mkono. Injini nyingi za malori zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni huhitaji takriban baa 180 hadi 250. Zile zenye chumba kidogo cha kuwashia huhitaji pungufu ya hapo, karibu baa 105 hadi 150. Nozeli ikifunguka chini ya kipimo, mafuta huingia mapema na kwa matone makubwa, na moshi mweusi hufuata. Ikifunguka juu ya kipimo, mafuta huchelewa na hupungua, hivyo dereva aliyeomba nguvu hurudishiwa gari zito zaidi kuliko alilolileta.

Nozeli hufungwa kwenye mashine ya kupimia, mkono wa mashine ukakandamizwa polepole, na sindano ya geji ikatazamwa pale inaporuka. Kubadilisha unene wa shimu, kipande chembamba cha chuma kilicho juu ya springi, kwa milimita 0.05 huhamisha presha kwa baa 5 hadi 7 hivi katika nozeli nyingi. Springi mpya hulegea kidogo baada ya muda, kwa hiyo mafundi wengi huipanga baa 10 hivi juu, alimradi kitabu kinaruhusu. Baada ya hapo, shikilia presha baa 10 hadi 20 chini ya ile ya kufungukia kwa sekunde 10: ncha isidondoshe hata tone. Nozeli zote za injini moja zilingane, kwani tofauti kati ya silinda na silinda huitetemesha injini. Mkono usikae kamwe mbele ya ncha. Mafuta hayo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo ni la kukimbiziwa hospitali mara moja.

Kwa malori mapya ya mfumo wa komoni reli, ambamo bomba moja lenye presha kubwa (reli) hulisha injekta zote, hakuna cha kuchagua. Kompyuta huamua presha ya reli, takriban baa 300 hadi 400 injini ikiwa taratibu na zaidi ya 1,600 chini ya mzigo katika nyingi. Kazi ya fundi ni kulinganisha, kwa mashine ya uchunguzi, presha inayoombwa na inayopatikana, na kupima mafuta yanayorudi kutoka kila injekta. Mabomba yasilegezwe injini ikiwa inawaka; kuyalegeza hivyo ni desturi ambayo mafundi wa zamani wameirithi kutoka kwenye pampu za mstari.

Ukisharudisha kila kitu, toa hewa kwenye mfumo, kisha lijaribu lori likiwa na mzigo wake wa kawaida kwenye barabara ya Gongoni. Vipimo vikiwa sawa na nguvu bado haba, iache presha ilivyo na ukague filta ya hewa, mipira ya tabo (feni inayosukumia injini hewa) na taiming.