Namna ya kupima haki kati ya kikomo cha pango na nyongeza ya mshahara serikalini

Kila bajeti inapokaribia Uganda, madai matatu hugongana. Mwalimu anataka mshahara upande, mpangaji anataka pango lishikwe, na mwenye nyumba anauliza kwa nini bei yake iwekewe kikomo wakati bei ya saruji haina. Kila mmoja huja na asilimia yake, na hapo ndipo mjadala huharibika, kwa sababu asilimia kumi ya pango na asilimia kumi ya mshahara si kitu kimoja. Utaratibu ufuatao unazigeuza asilimia hizo kuwa shilingi za mkononi, ili ujue nani anabeba mzigo kabla hujasema lipi ni la haki. Unamfaa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mpangaji na hata mwenye vyumba vinne vya mizigo, yaani vyumba kimoja kimoja vya kupangisha.

Anza na sheria zenyewe. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema pango lisipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Haikatazi kupandisha, wala haipunguzi pango lililopo. Kikomo hiki kinamhusu kila mpangaji, awe mwalimu, mshonaji au dereva wa boda, na serikali haitoi hata senti kukigharimia: anayekigharimia ni mwenye nyumba. Nyongeza ya mshahara ni kinyume chake. Inawafikia watumishi laki tatu na kitu katika nchi ya watu milioni 45.9 kwa sensa ya 2024, na inalipwa na walipa kodi wote, hata mama muuza nyanya ambaye hulipa VAT ya asilimia 18 kila anaponunua bidhaa inayotozwa.

Hesabu mshahara baada ya PAYE

PAYE ni kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara kabla haujakufikia. Chukua mshahara ghafi wa mwezi. Kwa viwango vilivyowekwa 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi. Kutoka hapo hadi 335,000 unakatwa asilimia 10, kutoka 335,000 hadi 410,000 asilimia 20, na kinachozidi 410,000 asilimia 30. (Wanaozidi milioni 10 huongezewa makato mengine.) Kwa njia ya mkato: kama mshahara umepita 410,000, toa 410,000, zidisha kilichobaki kwa 0.3, kisha ongeza 25,000. Hiyo ndiyo PAYE.

Mwalimu wa msingi wa Gredi III mwenye 499,684 anakatwa 51,905. Anabaki na 447,779, kabla ya mkopo wa SACCO na ushuru wa huduma za mitaa. Tumia namba hii ya kinachobaki katika hesabu zote zinazofuata. Kosa linalojirudia katika mikutano ni kulinganisha pango na mshahara ghafi. Pango halilipwi kwa pesa ambazo hazikufika benki.

Panga pango kwa miaka mitano, si mmoja

Tuseme analipa 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anapandisha kiwango chote anachoruhusiwa kila mwaka. Usiongeze 20,000 kila mara, kwani asilimia 10 hukokotolewa juu ya pango jipya: 220,000, kisha 242,000, 266,200, 292,820, na mwaka wa tano 322,102. Mwanzoni pango lilichukua asilimia 45 ya pesa ya mkononi, nayo tayari ni kubwa. Mwaka wa tano linachukua asilimia 72, na hakuna aliyevunja sheria. Kila mtu amefuata kikomo, lakini mshahara haukusogea.

Sasa jaribu kuweka nyongeza. Mfano, chama kikipata asilimia 25 mara moja ndani ya miaka hiyo mitano, hiyo ni 124,921 ghafi, na baada ya PAYE zinabaki 87,445. Mkononi atakuwa na 535,224. Pango la mwaka wa tano litachukua asilimia 60. Nyongeza hiyo ingeshangiliwa sana, na bado mwalimu angekuwa na hali mbaya kuliko alipoanza. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo la kwanza ambalo wabunge wanapaswa kuonyeshwa kwenye karatasi: nyongeza ya mara moja ikikimbizana na kikomo cha kila mwaka, mwishowe itashindwa.

Kuna kanuni fupi ya kukumbuka. Kwa mtu aliyepita 410,000, gawanya ongezeko la pango kwa 0.7 upate nyongeza ghafi inayohitajika kulifidia. Pango likipanda 20,000, anahitaji 28,571 ghafi. Likipanda 122,102, anahitaji 174,431, karibu asilimia 35 ya mshahara wake, na hapo chakula na karo havijaguswa.

Pima na upande wa mwenye nyumba

Wengi huruka hatua hii, halafu hoja yao inaanguka mbele ya mtu wa kwanza mwenye vyumba vya kupangisha. Mwenye vyumba vinne vya 200,000 anakusanya 9,600,000 kwa mwaka. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya kinachozidi 2,820,000, bila kutoa gharama yoyote ya ukarabati. Yaani 813,600 kwa URA, mamlaka ya kodi, hata kama mwaka huo paa limevuja na shimo la choo limejaa. Kama alijenga kwa mkopo wa benki wa shilingi, riba yake huenda ikawa juu ya asilimia 15. Huyu si sawa na mwenye majengo matano ya ghorofa Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, na anayewaweka kapu moja anadhulumu mmoja wao.

Kisha angalia mfumuko wa bei unaotangazwa na UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, kila mwezi. Oktoba 2022 ulifika asilimia 10.7, mwenye nyumba aliyefuata kikomo mwaka huo alirudi nyuma kidogo. Mwaka 2024 ulikuwa kwenye asilimia tatu na ushei, kwa hiyo aliyepandisha kumi alipata ziada ya kweli. Kikomo cha asilimia 10 basi humkinga mpangaji na mshtuko, kama kuamka na kukuta 200,000 imekuwa 300,000. Katika mwaka wa kawaida hakimpi nafuu. Kikomo kinachofuata mfumuko wa bei, na mshahara unaofuata kipimo hicho hicho, vingekuwa vya haki zaidi kwa pande zote mbili, na hilo ndilo dai tungelipeleka mbele.

Tafuta walioachwa nje

Nyongeza huchagua. Mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi milioni 4, kutoka takribani 1,200,000. Mwenzake wa historia, mwenye shahada pia na anayefundisha darasa la jirani, alibaki karibu na milioni moja. Walimu waligoma Juni 2022, na wa masomo ya sanaa wakagoma tena 2025. Katika hesabu yako weka safu mbili, ya aliyepata na ya aliyekosa, kwa sababu wote wawili hutafuta chumba mtaa ule ule. Ongeza pia mahali: ngazi ya mshahara ni ile ile Kampala na Kisoro, lakini pango sivyo, na wengine wamepewa nyumba ya shule.

Kikomo nacho kina tundu. Kinamlinda aliyemo ndani. Mpangaji akitoka, mwenye nyumba hutaja bei mpya kwa anayeingia, na ndiyo sababu baadhi hupendelea kumwondoa mtu kuliko kumpandishia. Njia nyingine ni kuacha pango lilivyo na kuongeza ada ya maji, taka au mlinzi. Unapolinganisha, jumlisha vyote anavyolipwa mwenye nyumba mkononi, isipokuwa Yaka (umeme wa kulipia kabla) ambayo mpangaji hununua mwenyewe. Na kama unajadiliana na mwenye nyumba anayetaka kukuondoa apate 20,000 zaidi, mwonyeshe kwamba nyongeza hiyo ni 240,000 kwa mwaka, na chumba kikikaa tupu mwezi mmoja tu zinaondoka 200,000. Fanya mazungumzo hayo kwa heshima, mchana, na mwenyekiti wa LC I (baraza la mtaa) akiwepo kama mmeshaanza kutofautiana. Kukutoa kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa.

Bila karatasi kikomo hakina nguvu, maana pango la mwaka jana lazima lithibitishwe. Sheria inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Hata kama wako ni mdogo, andikeni pango, tarehe na kilichomo ndani yake, na uhifadhi ujumbe wa malipo ya simu.

Peleka dai kwa wakati

Dai la mshahara lifike kabla ya Waraka wa Mfumo wa Bajeti kuingia Bungeni, na mwisho wake kisheria ni 31 Desemba. Bunge linatakiwa kupitisha bajeti kufikia 31 Mei. Anayeanza kupiga kelele siku ya kusomwa kwa hotuba ya Juni anajadili pesa zilizokwisha kugawanywa, na dai lake litasubiri Julai ya mwaka unaofuata. Ambatisha karatasi moja tu: mshahara baada ya PAYE, pango la miaka mitano, safu ya walioachwa nje, na mfumuko wa UBOS wa miezi 12 iliyopita.